Msiahirishe Jumatatu

Zimeni hiyo redio, mfungue na dirisha, kisha mkae mahali ninapoweza kuwaona bila kugeuza shingo, maana shingo nayo imeanza kunisusa. Wewe mkubwa, vuta hicho kiti uje karibu na mto wangu, usijifiche nyuma ya dada yako kama ulivyozoea ukiwa mdogo. Wewe binti yangu, nyamaza kwanza. Kulia utalia baadaye, nafasi utapata. Kitinda mimba, kaa popote, mwili wako huo hauna pa kufichwa. Na wewe mjukuu wangu, Mkaguzi, uliyepewa jina hilo kwa sababu tangu ulipojua kusoma hujaacha kutukagua sote, sukuma magurudumu yako uje hapa miguuni pangu. Haya ninayoyasema yanakuhusu wewe, na sitaki mtu aje kukusimulia kesho kwa maneno yake.

Sisemi kwa kuwa naogopa kufa. Nasema kwa kuwa nina hasira, na hasira hii sitaki kuzikwa nayo, nataka niwaachie ikiwa hai.

Tuanze na mali ili tuimalize, si nyingi. Nyumba hii haiuzwi wala haigawanywi mpaka Mkaguzi amalize masomo yake yote, hata akitaka kusoma mpaka azeeke, kwa sababu vizingiti vyake niliving'oa mwenyewe, mlango wa choo niliupanua mwenyewe, na mtaa huu wote hakuna nyumba nyingine anayoweza kuingia na kutoka bila kuita mtu. Mkokoteni ni wa kitinda mimba, alitengeneze lile gurudumu la kushoto ambalo anajua vizuri lilivunjikaje. Kitanda ni cha binti yangu, godoro mlitupe. Wapagazi wenzangu wa soko la nafaka waambieni nimewashukuru, maana kila kesi yetu ilipotajwa waliacha magunia chini wakaja kukaa kwenye mabenchi ya nyuma ya mahakama na vumbi lao la unga, mpaka karani akawa anapiga chafya. Mali imeisha. Sasa nisikilizeni juu ya kesi.

Mnaijua kazi yangu, imewalisha. Katika kazi yetu mtu akikuonyesha gunia humuulizi kwa nini linatakiwa juu wakati chini kuna nafasi. Unamuuliza ghala gani, unachuchumaa, unainuka. Ukiwa na maswali mengi, kazi anapewa mwenzako. Baba yangu alikuwa hivyo, mimi hivyo, na huyu kitinda mimba hivyo hivyo. Basi ukoo wa namna hiyo ukijaliwa mtoto asiyetembea, kisha shule ikasema darasa lake liko ghorofani, mnadhani tuliuliza nini? Tuliuliza ngazi ziko upande gani.

Nikambeba. Asubuhi nampandisha, kengele ya mwisho ikilia namteremsha, kiti chake kinabaki chini kinanisubiri. Sijutii hata siku moja, Mkaguzi, usije ukadhani najuta, ulikuwa mzigo wa pekee maishani mwangu ulionisomea vibao vya milangoni tukipita. Nao walimu walinipenda kweli kweli. Siku ya kufunga shule mwalimu mkuu alinisimamisha mbele ya wazazi wote, mtoto akiwa mgongoni, akasema huyu ndiye mzazi wa mfano, watu wakapiga makofi, nami nikatoa meno yote niliyokuwa nayo. Kilemba cha ukoka kile, nikakivaa nikarudi nacho nyumbani.

Kilichonifumbua macho ni chupa ya maji. Mama yake huyu hapa anaijaza kila asubuhi, na mimi nikaanza kuona jioni inarudi imejaa vile vile, jua kali au mvua. Nikamuuliza, akanipiga chenga, nikamuuliza tena. Ndipo akaniambia, na hapa sauti yake ninaisikia mpaka leo: "Babu, choo kiko chini na wewe uko sokoni. Nikinywa, nitamwita nani?" Mtoto anakaa na kiu kutwa nzima, midomo inambabuka, kichwa kinamgonga, anajibu maswali ya hesabu, na sisi huku nje tunapigiwa makofi.

Nilikwenda kwa mwalimu mkuu siku ile ile, na jasho la kazi. Nikamweleza kwa adabu, nikamuomba darasa lishuke chini. Akacheka kile kicheko cha kumtuliza mzee, akaniambia, "Mzee wangu, si unambeba vizuri tu?" Nikatazama pale nilipokuwa nimesimama. Unajua chumba kile kina nini, binti yangu? Kina viti vya wageni na kabati la vikombe vya mpira. Vikombe vinakaa chini kwa raha zao, na asiyeweza kupanda ndiye amepelekwa juu.

Halafu kifua hiki kikaanza. Wiki niliyoshindwa kuinuka, shule ikatuma ujumbe kwamba mtoto akae nyumbani hadi familia itakapopata mtu mwingine mwenye nguvu. Yaani aliyeumwa ni mimi, aliyefukuzwa shule ni yeye.

Sasa ninafika kwako, mkubwa. Usiangalie sakafu, sakafu haijakosa kitu. Wewe ni mjumbe wa kamati ya wazazi. Ulikuwa umekaa ndani ya kikao kile mwalimu mkuu aliposema hawawezi kuvuruga shule nzima kwa ajili ya mtoto mmoja, na mtoto mmoja mwenyewe ni wa dada yako, na ukanyamaza. Ukaja hapa nyumbani na ule ushauri wao wa kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa: Mkaguzi asome kitandani, madaftari yataletwa na wenzake, au apelekwe shule ya bweni ya mbali ya watoto wa aina yake. Aina yake ni ipi? Aina yake ndiyo sisi tuliomo humu ndani. Tangu siku ile sikukusemesha, hata chumvi mezani niliomba kwa mwingine, na mama yako angekuwa hai angetupiga sote wawili. Kinyongo kile nilikuwa nacho mpaka asubuhi ya leo. Nitakwambia nimekifanyia nini, ngoja nipumue.

Nyuma ya posta kuna ofisi ya msaada wa sheria, mnaijua. Nilijikongoja mpaka pale nikamkuta yule wakili msichana, mdogo kuliko wewe binti yangu, mezani kwake mafaili yamemfunika mpaka kidevuni. Nikamweleza. Akafungua sheria akanisomea polepole: shule itampokea mtoto mwenye ulemavu, itahakikisha anafikia masomo yote na huduma zote sawa na wenzake, itaondoa kinachomzuia, na kazi hiyo haitamhamishia mzazi. Nikamwambia asome tena. Nilikuwa natafuta mahali palipoandikwa "shule ikipenda". Hapakuwepo. Nilitafuta "huruma", hapakuwepo. Wala hapakuandikwa kwamba babu akiwa na mgongo mzuri basi shule imesamehewa. Wanangu, mimi nimekula ugali wa mgongo wangu miaka yote nikidhani ule ni upendo tu, kumbe nilikuwa nabeba na wajibu wa watu wengine, nao wanapiga miluzi.

Tukafungua kesi. Na mnakumbuka walichokuja nacho mahakamani kama ushahidi? Picha yangu, ya siku ile ya makofi. Wakili wao akainyanyua mbele ya hakimu akaniuliza, "Mzee, hapa unacheka au hucheki?" Nikamjibu, "Nacheka. Nilikuwa namchekea mjukuu wangu, sikuwa nazichekea ngazi zenu." Wapagazi kule nyuma waliangua kicheko hadi hakimu akagonga meza, lakini nilimuona, hakimu mwenyewe aliinamisha uso akijifanya anaandika.

Tangu hapo ni danadana. Leo mwalimu mkuu anaumwa, kesho wakili wao amesafiri, siku nyingine faili halionekani, na kila mara wanaomba siku nyingine na wanapewa. Sasa siku ya mwisho ya kusikilizwa ni Jumatatu hii inayokuja. Baada ya hapo mahakama inakwenda likizo, na ikirudi mtihani wa mwisho utakuwa umepita, mtoto huyu atakuwa ameupitisha mwaka akitazama ukuta. Na wale wanajua. Mkubwa, si umesema mwenyewe kwa dada yako kwamba mwalimu mkuu siku hizi kila mkikutana anakuulizia hali yangu? Ananiulizia kama mtu aliyesimama kituoni anavyoulizia basi limefika wapi. Mimi ndiye mlezi niliyesimama kwenye kesi hii kwa niaba ya mtoto. Nikiondoka kabla ya Jumatatu, wao watasimama kwa heshima, watatoa pole, watainamisha vichwa, kisha wataomba kesi iahirishwe kwa sababu ya msiba. Watataka kunitumia maiti kama walivyonitumia mzima.

Hapana. Nasema hapana, na mkono huu ungekuwa na nguvu ningepiga ukuta.

Nimeongea na wakili, alikuja jana mlipokuwa makazini. Amesema mlezi mwingine anaweza kusimama mahali pangu, mradi aende mwenyewe siku hiyo akatamke mbele ya hakimu. Binti yangu, najua unadhani ni wewe. Si wewe. Ukisimama wewe watasema ni uchungu wa mama, watakupa leso na kiti. Kitinda mimba naye si wewe, kwa sababu wakili wao akikuuliza swali la kijinga utamkunja shati, tutakuwa na kesi mbili. Nimemtaja mkubwa. Ndiyo, wewe. Kinyongo changu nimekifanyia hivyo. Wewe umo ndani ya kamati yao, vikao vyao umekaa, kile chumba cha vikombe umekunywa humo chai, na zaidi ya yote wamezoea kukuona umenyamaza. Siku utakapofungua mdomo hawatakuwa na pa kushika.

Najua unaogopa. Unafikiri watakutoa kwenye kamati. Watakutoa, kwani ni figo? Utaishi.

Na wewe kitinda mimba, nisikilize kwa makini maana wewe ndiye ninayekuogopa kuliko wote. Nikishakufa moyo utakuruka, asubuhi utamuona mtoto chini ya zile ngazi, utasema ngoja leo tu. Usimbebe. Hata walimu wakikuita kwa jina zuri, hata mvua ikinyesha, hata yeye mwenyewe akikuomba kwa aibu ya kutazamwa, kaa naye pale chini, mfunike na koti lako, lakini usimpandishe. Siku utakayompandisha watapiga picha nyingine. Waache washuke wao. Mabega ya ukoo huu yamemaliza kazi kwenye shule ile.

Nipeni maji. Si wewe, mpe Mkaguzi anipe.

Asante, Mkaguzi, mama yangu. Subiri, kunywa na wewe kwanza. Kunywa hasa, usiloweshe midomo. Nataka kukuona unakunywa... Vizuri. Huku nyumbani choo kiko pale pale, kunywa.

Msinikatize tena, pumzi zilizobaki nazipangia foleni. Msiba. Mkubwa, nimeshaona umemnong'oneza dada yako. Unasema mzee akiondoka Jumapili au Jumatatu alfajiri watu watakuwa wamejaa uani, majirani wamekuja, mazishi hayangoji, watu watasema nini. Waseme. Waambieni marehemu mwenyewe ndiye aliyepanga. Nilazeni humu chumbani, mfunge dirisha, mmuache mtu mmoja wa kunilinda, na ninyi nyote mvae nguo safi mwende mahakamani. Wapagazi nao waende. Mimi sina haraka, kwa mara ya kwanza maishani sina mtu wa kunipigia kelele niwahi ghalani. Hakimu hangoji, mimi nitangoja. Mkirudi ndipo mtanizika, na mkiwa na majibu mazuri mtayasema kwa sauti pale pale kabla hamjashika koleo.

Mkaguzi, njoo... shika huu mkono, hauumi, ni baridi tu. Mungu akupe mlango mpana kila utakapokwenda, na penye mlango mwembamba akupe mdomo. Usimshukuru mtu kwa kukupa haki yako. Ukipewa kitu kwa wema, shukuru, una adabu, mama yako amekulea. Lakini darasa si wema. Umenisikia? Darasa si wema. Na mama yako Mungu amrudishie usingizi wake. Na huyu mjomba wako mdogo Mungu amshikie mikono. Na huyu mkubwa...

Mkubwa. Sikuoni vizuri, umekuwa kama kivuli, sogea. Nataka nisikie kutoka kwako, si kutoka kwa dada yako. Utakwenda? Usinitikisie kichwa, sioni. Sema... Sauti hiyo ni ya kwenye kikao. Sema mtoto asikie...

Haya. Nimesikia. Naye amesikia, amenibana kidole.

Basi nakubariki, mwanangu. Mbele ya mdogo wako na dada yako, nakubariki, na yale ya mezani yameisha. Sikia... utasimama. Watakupa pole, pokea, sema asante. Kisha hakimu atakutazama... atakuuliza, kwa kuwa baba yako amelala nyumbani hajazikwa, kama familia inaomba siku nyingine...

Mwambie hapana.