Nyumba Aliyokubali Kuingia Chemutai

Bwana apewe sifa zake zote, ndugu zangu! Nawasalimu kwa jina la yule aliyenitolea mtoto motoni, na nikisema motoni sisemi kwa mfano. Wengi wenu mnanijua. Mimi ni Mama Chemutai, niliyekuwa nakaa ng'ambo ya mto Sosiani kwa zile nyumba za mabanzi, na niliimba hapa kwa kwaya ya akina mama. Wengine wenu mlinipa blanketi na sufuria wakati sikuwa na hata kijiko. Leo nimetoka kule kijijini Ziwa asubuhi na mapema nije niwaambie vile Mungu aliendelea baada ya hizo blanketi, kwa sababu nyinyi mliona mwanzo tu.

Ndugu zangu, maisha yetu yalikuwa ya kawaida. Mzee wangu Elijah alikuwa anapakia mbao kwa kiwanda. Mimi nilikuwa nafua nguo mtaa wa Elgon View kwa mama mmoja anaitwa Mama Lagat. Nyumba yetu ilikuwa ya mabanzi, zile mbao za nje ya mti ambazo bado ziko na magome, na nyufa zote tulikuwa tumeziziba na magazeti. Hatukuona ubaya. Mwezi wa saba kukiwa na baridi, mbao inashika joto vizuri kuliko mabati.

Siku moja mchana nilienda bombani kuchota maji. Chemutai alikuwa ametoka nasari, amelala. Nikiwa kwa foleni nikasikia watu wakipiga kelele, kugeuka nikaona moshi. Jiko la jirani lilikuwa limeanguka. Ndugu zangu, mbao kavu na magazeti, moto hautembei hapo, unaruka! Nilipofika mlango wetu haukuonekana tena. Nilijaribu kuingia, wanawake wakanishika. Fundi wa viatu aliyekuwa anafanya kazi nyuma ya nyumba zetu alivunja ukuta kwa mateke, akaingia, akatoka na mtoto wangu. Mkono wa kulia wa Chemutai ulikuwa umeungua kutoka kwa kiwiko hadi vidole. Lakini alikuwa anapumua. Kwa hilo peke yake ningemshukuru Mungu mpaka kaburini.

Mkono ulipona. Mimi nikafikiria ushuhuda umeisha hapo.

Tulihamia Ziwa, kwa baba mkwe wangu, Mzee Kirwa. Alifiwa na mke, akabaki peke yake kwa boma, na alitupokea kwa roho safi. Nyumba yake ni ya mbao nzuri, imepakwa rangi, iko na varanda. Siku tulipofika, Chemutai alipoona ule ukuta wa mbao alikumbatia nguzo ya geti, akakataa kuachilia. Hakulia kelele. Alitetemeka tu, mpaka meno yakagongana. Babake alimbeba, akamwingiza kwa nguvu, na mtoto akapoteza fahamu mikononi mwake. Kutoka siku hiyo hakuna mtu alijaribu tena.

Kwa hivyo mtoto wangu alikuwa analala kwa zizi la ng'ombe. Pale kulikuwa na nguzo na paa, hakuna kuta. Nami nililala pale pamoja naye, tumefunikwa na zile blanketi zenu, na baridi ya Ziwa mnaijua. Kifua chake kikaanza kukoroma. Shule nayo, madarasa ni ya mbao. Mwalimu, Mungu ambariki, alimwekea kiti nje karibu na mlango awe anasikiliza kutoka hapo. Mvua ikinyesha, Chemutai anarudi nyumbani. Na mnajua mvua ya huku inanyesha mara ngapi.

Nami sikuwa mzima, ndugu zangu. Mtu akiwasha kiberiti nyuma yangu, nakimbia nje kabla sijajua. Elijah alitaka kutujengea nyumba yetu ya mabanzi kwa kona ya shamba, kwa sababu hiyo ndiyo tungeweza. Alisema mtoto atazoea. Mimi nilisema hatazoea. Nyumba ya mawe hatungeweza, mawe tulikuwa tunayaona yakipita barabarani kwa lori tu. Tulibishana mpaka tukaacha kuongea, yeye akawa anakaa mjini wiki nzima kazini, anarudi Jumamosi, tunasalimiana kama wageni.

Maombi yangu yalikuwa mafupi. Nilichoka kuomba maneno mengi. Nilisema tu: Bwana, nipatie ukuta hauungui.

Sasa sikilizeni. Akina mama wa kanisa la kule walikuwa na mkutano Chepsaita, kwa mama mmoja mfugaji wa kuku. Tulipofika nikaegemea nyumba ya kuku nikifungua viatu, nikasikia mgongo umekuwa baridi kama nimeegemea jiwe. Nikageuka. Ukuta ulikuwa wa udongo, lakini mahali plasta ilikuwa imebanduka nikaona vifuniko vya chupa za soda, vimepangwa kama mbegu kwa gunzi la mahindi. Nikamuuliza mwenyewe ni nini. Akaniambia ni chupa za plastiki, unajaza mchanga mkavu, unashindilia na kijiti mpaka zinakuwa ngumu, halafu unazilaza kwa matope kama matofali. Kwa msingi alikuwa ameweka tairi kuukuu zilizojazwa murram, ule udongo mwekundu wa barabara.

Nilikuwa na swali moja tu. Nikamuuliza, je, moto? Yule mama akafikiri, akaniambia ukweli: "Sijui. Sijawahi kujaribu."

Nilirudi nyumbani na lile jibu likinizunguka kichwani. Nilipomweleza Mzee Kirwa, alinisikiliza hadi mwisho, kwa maana ni mtu wa heshima. Halafu akasema: "Takataka tunachoma, mama. Hatujengi nayo." Alisema watu watasema ameshindwa na boma yake. Niliomba tu kanafasi nyuma ya zizi, nijenge kaukuta kadogo ka kujaribu. Akakubali, nafikiri kwa kunihurumia.

Chupa nilipata Elgon View, ambako bado nilikuwa naenda kumfulia Mama Lagat, nyingi tu, zinatupwa huko kila siku. Nilijenga ukuta wa kufika kiunoni. Nikaupaka udongo, mchanga na kinyesi cha ng'ombe pande zote mbili, nikaacha ukauke vizuri. Halafu nikamwambia Elijah nataka kuuwashia moto, na nataka Chemutai aone.

Aliniangalia kama nimerukwa na akili. Lakini ndugu zangu, kuna wakati hofu lazima utoke nayo nje, muangaliane mchana.

Ilikuwa Jumapili baada ya kanisa. Elijah alisimama na ndoo za maji. Chemutai alikaa mbali kwa geti, ameshika mkono wa babu yake, tayari kukimbia. Nilirundika magunzi na matawi makavu ya saipresi kando ya ukuta. Mkono wangu ulikataa kuwasha kiberiti. Ulikataa tena. Nikasema, Yesu, hata kama ni aibu, niaibishe leo iishe. Kikawaka.

Ule moto ulipanda juu kuliko ukuta. Nilikuwa natoka jasho na machozi kwa pamoja. Plasta ikaanza kuwa nyeusi, ikapasuka mistari midogo, nikajua sasa plastiki itayeyuka, ukuta utalala, na mtoto wangu ataona nyumba nyingine ikianguka. Nilisimama pale, sikuondoka. Magunzi yakaungua, yakawa makaa, yakawa jivu. Na ukuta ukabaki umesimama!

Nilienda upande wa pili nikauwekea kiganja. Ulikuwa na joto kidogo tu, kama shavu la mtu. Sikumwita Chemutai. Nilipoinua macho alikuwa anakuja mwenyewe, polepole, amemwacha babu yake nyuma. Akafika, akaangalia jivu, akaangalia ukuta. Halafu akauwekea ule mkono wake ulioungua.

Akasema: "Mama, nijengee hii."

Nilipiga magoti pale kwa jivu na nguo yangu ya kanisa. Elijah aliweka ndoo chini akanishika bega, na hiyo ndiyo mara ya kwanza alikuwa amenigusa tangu tuanze kubishana.

Kesho yake Mzee Kirwa alishika bodaboda akaenda senta, pale madukani, akarudi na gunia la chupa mgongoni. Kutoka hapo hatukuweza kumzuia. Kulikuwa na harusi kwa jirani, mzee mzima na koti yake ya heshima akawa anapita katikati ya viti akiuliza wageni kama wamemaliza soda. Wale waliokuwa wakitucheka, wakisema tunajenga jalala, walianza kutuletea chupa kwa mikokoteni.

Haikuwa rahisi, nisiwadanganye. Ukuta wa upande wa mlima ulilala chini wote kwa mvua kabla hatujaezeka, kwa sababu tulikuwa na haraka na matope hayakuwa yamekauka. Elijah alikaa juu ya zile chupa akasema tuache. Lakini asubuhi nilimkuta ameshaanza kuziosha moja moja. Mama Lagat alikuwa anabadilisha madirisha, akanipa yale ya zamani ya chuma na mlango wake. Paa tulilishikilia kwa mabomba ya chuma kutoka kwa grinihausi moja iliyobomolewa, zile nyumba za plastiki za kukuzia maua. Sikutaka mtoto alale akiangalia mbao juu yake.

Tulipomaliza sikumlazimisha. Nilihamisha vitu, nikapika chai, mlango nikauacha wazi. Siku ya kwanza alikaa kizingitini. Siku iliyofuata hivyo hivyo. Halafu alasiri moja nilikuwa shambani, mvua ya mawe ikaanguka ghafla. Nilikimbia kwenda zizini, mahali alikuwa anajificha siku zote. Hakuwa hapo. Nikakimbia nikiita jina lake, mawe yananipiga kichwani, na mlango wa nyumba yetu ulikuwa umefungwa. Nikausukuma. Chemutai alikuwa ameketi kitandani, amejifunika, anakula mahindi ya kuchoma. Akaniambia nifunge mlango, baridi inaingia.

Nikaufunga, ndugu zangu. Nikakaa chini sakafuni, nimelowa, nikacheka mpaka akaniuliza kama niko mgonjwa.

Leo kifua chake kimetulia. Darasani sasa anaingia, ingawa anakaa karibu na mlango, na mwalimu amemwachia. Mimi mwenyewe nawasha jiko langu bila mtu kusimama kando yangu. Namshukuru Mungu, nawashukuru nyinyi, na yule fundi wa viatu, popote aliko, Bwana asimsahau.

Kama kuna mtu amekaa hapa na hofu ambayo watu wamemwambia atazoea, nakuomba usizoee. Mwambie Mungu kwa maneno machache kile unachohitaji, halafu uangalie kile unachoegemea. Na kama ni ukuta unatafuta, njooni Ziwa. Ulizeni kwa Mzee Kirwa, mtaonyeshwa. Mje na chupa, chai iko. Amani ya Bwana ikae na kila mlango wenu.