Sista Kopo na Buti la Fundi Viatu

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake wa mwisho, nimepewa karatasi hii kwa kuwa wenzangu walisema watalia, kwa hiyo nikikwama kidogo mnivumilie.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1953, mtoto wa tatu kati ya sita, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1961 hadi 1967, ambako mwalimu wa hesabu alimchoka kwa maswali, akaendelea na sekondari, kisha akaingia chuo cha uuguzi na kuhitimu Novemba 1975.

Januari 1976 aliajiriwa katika zahanati ya sokoni, chumba namba nne, chenye dirisha lisilofungika, akawahudumia wagonjwa wa presha kwa miaka thelathini na saba. Kila Alhamisi alikuwa akiwafuata majumbani bila taarifa, anapiga hodi, anaagiza kopo la dawa liletwe kabla hata hajakaa, anamwaga vidonge kwenye sahani na kuhesabu, na ole wako vizidi hata kimoja. Jina la Sista Kopo lilitokana na hapo, na alilipenda kuliko alilopewa na wazazi.

Mgonjwa wake wa mfano alikuwa fundi viatu mmoja, kapera, ambaye kopo lake halikuwahi kukosea, na marehemu alimsifu mbele ya foleni nzima, ingawa presha yake ilikuwa haishuki ng'o. Tarehe 14 Juni 1984 marehemu alipeleka kiatu kushonwa, akaomba cha kusitiri mguu wakati anasubiri, akajichomolea buti kuukuu chini ya benchi, akalivaa, akahisi kokoto. Hazikuwa kokoto. Akazimwaga pale pale na kuhesabu, maana hakuweza kujizuia, vikawa vidonge themanini na saba.

Fundi alijitetea kwamba dawa ile ilimpeleka haja ndogo kila saa, na choo kiko mwisho wa soko, na kwamba alitoa kidonge kimoja kila asubuhi bila kukosa kwa sababu aliona aibu kumwangusha sista aliyekuwa akimsifu mbele za watu. Marehemu alikuwa akisimulia kwamba hasira zilimpanda, halafu akajiona mjinga, kwa kuwa miaka minane alikuwa amehesabu makopo na hakuuliza watu. Alimpeleka kwa daktari, akabadilishiwa dawa, na tangu siku hiyo, kabla ya kugusa kopo la mtu yeyote, alikaa kwanza na kuuliza kwa upole dawa inamsumbua nini.

Fundi naye aliulizwa mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Walifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1986, wakajaliwa binti mwaka 1988 na mwana mwaka 1991, wote wako hapa.

Marehemu alistaafu Machi 2013, na miaka miwili baadaye akakutwa na presha yeye mwenyewe, jambo lililomuudhi sana. Asubuhi ya tarehe 20 Mei 2024, baada ya chai, alianguka jikoni, akalazwa, na moyo wake ukasimama kesho yake saa nane mchana.

Daktari alimuuliza shemeji yetu kama mkewe alikuwa akimeza dawa, na shemeji akarudi nyumbani amenyong'onyea, akiogopa kwamba alizembea kumwangalia. Kopo lilifunguliwa tarehe mosi likiwa na vidonge thelathini, akahesabu, vimebaki kumi, sawasawa kabisa. Lakini yeye ndiye mtu wa mwisho duniani wa kuamini kopo. Basi alipiga magoti, akakagua viatu vyote vya mkewe, jozi kumi na nne, akiingiza mkono hadi kwenye vidole, na havikuwa na kitu. Hapo ndipo alipolia, na alilia kwa nafuu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania hadi mwisho, majirani waliobeba viti na maji, na wenzake wa chumba namba nne. Shemeji ameniagiza niwatangazie kwamba asubuhi hii, kabla ya kuja hapa, amemeza kidonge chake mbele ya mashahidi wawili.

Pumzika kwa amani, dada, hesabu yako imetimia.