Mbio za Sora Kwenye Malka

Nyuma ya stendi ya Garsen kuna mtumbwi uliofudikizwa ambao haujagusa maji tangu mafuriko yalipoutupa pale. Mwenyewe, Philemon, mkulima wa kando ya mto, alikuja kuuchukua, akaukalia kwanza apumzike, na mpaka leo bado anapumzika. Watu wakamwita Nahodha. Lois naye akaona hapa pana wateja, akaleta jiko na birika la kahawa ya tangawizi. Issack wa bodaboda, anayeitwa Kona kwa jinsi anavyozikata, huegesha pikipiki yake hapo akingoja abiria. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa haujaondoka mtoni, na watu wote watatu walikuwa wakimwangalia Sora, ambaye wiki hii walimbatiza Olimpiki. Alikuwa ametokea kwenye ukungu huo akikimbia, akafika, akapitiliza mpaka nyuma ya mtumbwi, akatapika.

— Leo tena? Lois aliuliza. Akamwekea kikombe cha maji ubavuni. — Shika, Mzee Sora.

— Bado kidogo, Mama Levi.

Sora alikaa. Ardhi ilikuwa ikipanda na kushuka taratibu kama ubavu wa mnyama aliyelala. Masikioni mwake kengele zilikuwa zikilia, zile za mbao za shingoni mwa ng'ombe, ko-ko, ko-ko, mbali sana. Hakumwambia mtu. Zilikuwa zikija kila akikimbia, na kusema kweli hakutaka ziondoke.

— Ni hizo raba, alisema Nahodha. — Mguu wa mchungaji umezoea kandambili ya tairi. Ukiufungia ndani ya raba, joto linakosa pa kutokea, linapanda juu. Likifika tumboni, ndiyo hayo.

— Raba wapi, Nahodha! alisema Kona. — Huyu mzae ni injini iliyokaa sana. Pikipiki ikikaa, huiwashi asubuhi moja ukaipeleka mbio mpaka Minjila. Itakohoa tu.

— Kwa hiyo mimi nakohoa? Sora aliuliza.

— Wewe unatapika, mzae. Hiyo ni oili.

Walicheka, na Sora akacheka nao kidogo, mkono ukiwa tumboni. Tumbo hili lilikuwa geni kwake. Lilikuja baada ya ukame kumaliza ng'ombe wake, alipoanza kulinda ghala la mahindi hapa mjini, kazi ya kukaa kwenye kiti cha plastiki. Sasa Ijumaa mdogo wake Mohamed angepita na kundi lake kutoka Chewele, akishuka kutafuta majani kule deltani, na alikuwa akihitaji mtu wa kufuatana naye. Alisema kwenye simu, kwa heshima lakini alisema: “Kaka, niione miguu yako kwanza.” Muuguzi wa zahanati alimwambia Sora aanze kwa kutembea pole pole. Aliona haya. Mtu aliyefuata ng'ombe maisha yake yote, aambiwe aanze kutembea? Akaanza kukimbia.

— Mimi sijamaliza, alisema Nahodha, akisogeza kikombe chake kijazwe. — Anakimbilia wapi? Kwenye malka.

Malka ni ile njia pana ya ng'ombe inayopita kati ya mashamba kwenda kunywa mtoni, na shamba la Nahodha limepakana nayo.

— Namwona kila siku, aliendelea. — Anafika ukingoni, anasimama. Hanawi, hainami. Anatazama maji tu, muda mrefu, halafu anageuka. Mto unateremka baharini, sivyo? Na yeye anarudi juu. Damu yake imeanza kuteremka na mto, yeye anaivuta nyuma. Itaacha kumzungusha?

— Wacha! alisema Kona. — Basi mimi nina dawa. Arudi kinyumenyume. Uso uangalie mto, miguu ije Garsen. Damu haitajua kama imegeuka.

— Na akigonga mbuzi wa watu? Nahodha aliuliza.

— Nitatangulia na pikipiki nikipiga honi.

— Ninyi mmerogwa, alisema Lois. — Mzee Sora, si uwaambie? Ukisimama pale mtoni unaangalia nini?

Sora alifungua mdomo. Angesema nini? Kwamba ukungu ukiwa mzito anaona migongo? Kwamba midomo inagusa maji, na duara zinafunguka, na yeye anasimama nyuma kama alivyosimama tangu utoto?

— Napumzika tu, alisema.

— Ulipokuwa unapita na ng'ombe walinilia mahindi, Nahodha alimtania. — Sasa unapita mwenyewe, na sijui nimshtaki nani.

Gari la kutoka Hola lilikuwa limeshusha watu. Mwanamke mmoja mzee, mtandio umemfunika mpaka kiunoni, akaja na mfuko wake akiulizia gari la Chara, kwa binti yake. Jina lake Sabdio.

— Nagaa, alimsalimu Sora kwa Kiorma.

— Nagaa.

Lois akampa kahawa. Sabdio akasikiliza habari za raba, za oili, na za damu inayoteremka na mto, bila kucheka. Kisha akakiona kile kikombe kilichojaa.

— Maji haya ya nani?

— Ya huyu Mzee Sora, Olimpiki wetu, alisema Lois. — Nikimwekea, ananiambia bado. Hanywi mpaka jua liwe kali.

Sabdio akayatazama maji, akamtazama Sora. Naye alilelewa nyuma ya mifugo. Alijua kinachofundishwa watoto wao: ukiwapeleka ng'ombe mtoni, mdomo wako ni wa mwisho.

— Sora, ndugu yangu, alisema kwa upole. — Unangoja nani anywe kwanza?

Kona akainama akakagua tairi ambalo halikuwa na kasoro. Lois alishika birika, akaona limekwisha, akalirudisha jikoni hivyo hivyo.

Sora aligeuka upande wa malka. Ukungu ulikuwa ukiinuka juu ya maji. Aliwaona ng'ombe wake wakinyanyua vichwa, mmoja mmoja, matone yakidondoka videvuni, wakageuka kuelekea nyikani bila haraka. Kengele zikawa mbali, zikawa mbali zaidi. Akamngoja yule mwekundu mwenye pembe iliyovunjika, ambaye siku zote alikuwa mzito kushiba, mpaka naye akatoa mdomo majini.

Ndipo akakishika kikombe kwa mikono miwili, akanywa mpaka mwisho, akamrudishia Lois.

— Niongeze, Mama Levi, alisema. — Kesho nitatembea.