Msanifu Aliyekataa Kupunguza Vijiko

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1978, mtoto wa tatu na wa mwisho wa fundi bomba na mkunga. Shangazi yake alimbandika jina la Penseli kwa kejeli, maana kila karatasi iliyoingia nyumbani, hata bili ya maji, ilipata mchoro. Jina likamganda.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1991 na sekondari mwaka 1997, kisha akaingia chuo cha uchapaji. Familia ilitaka asomee uhasibu. Dada yake mkubwa, anayesoma wasifu huu, ndiye aliyeitisha kikao cha kumbana. Anaona haya kulisema mbele ya jeneza, lakini analisema.

Mwaka 2005 aliacha ajira katika kampuni ya matangazo akawa msanifu wa michoro wa kujitegemea, kwenye chumba cha nyuma chenye meza moja, printa yenye kikohozi na dirisha linalotazama kamba ya nguo. Ndugu walimtuma sokoni wakati wowote, eti "si upo tu nyumbani?" Hakuwa yupo tu. Kazi yake haikuanzia kwenye kompyuta. Alikwenda kwanza kukaa pale kitu kitakapotumika, akasikiliza, kisha akachora kwa mkono, akabandika ukutani na kumwita jirani yake, fundi cherehani. "Niambie unachokiona. Usinisifu." Siku moja fundi alikitazama kijiko ambacho marehemu alikuwa ameshinda akikichora, akasema, "Naona mwiko." Marehemu alicheka mpaka akakaa chini, akaichana karatasi na kuanza upya.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 20 Desemba 2008, na mwalimu wa hisabati. Mkewe ndiye pekee aliyebisha hodi kabla ya kuingia chumba kile. Wengine wote waliingia kama wanaingia stendi ya basi.

Januari 2022 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo. Wakati huo alikuwa amepewa kazi ya boksi la dawa ya maji ya watoto. Alikuwa ameshinda siku mbili kwenye dirisha la duka la dawa, akamsikia mama mmoja akiuliza, "Sasa hivi vijiko vitatu nampa kwa mpigo?" Kwa hiyo akachora jua linalochomoza, jua la utosini na mwezi, kila kimoja na kijiko chake, vikubwa, upande wa mbele. Mama asiyejua kusoma aelewe.

Meneja wa mauzo wa kampuni ya dawa hiyo hakuvipenda. Alirudisha mchoro mara kumi na saba. Mtoto acheke zaidi. Bluu iwe bluu zaidi. Mwisho akasema wazi: "Hivi vijiko vinachafua sura ya boksi. Vipeleke nyuma, vidogo." Marehemu, akiwa na mpira mkononi anasafishwa damu, alimjibu kwa simu: "Ndugu yangu, mama akizidisha dawa, kicheko cha huyo mtoto kitamsaidia nini?" Simu iliendelea kulia wodini wiki baada ya wiki, na hakuna hata mara moja alipoulizwa ameamkaje.

Alifariki Ijumaa, tarehe 9 Juni 2023, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono. Jumamosi simu yake ililia, dada akapokea. Alikuwa yule meneja.

"Pole sana, dada. Tumesikia. Lile faili liko kwenye kompyuta ipi? Tulirekebishe kidogo tu."

Dada alikata simu. Hasira ile hajaimaliza na hana mpango wa kuimaliza leo. Mkataba wa kazi ile unasema mchoro haubadilishwi bila sahihi ya marehemu, na akiondoka duniani, bila sahihi ya mkewe. Wifi amesoma mkataba huo mara tatu, akasema neno moja: "Sisaini." Meneja yupo hapa, safu ya pili, na shada lake la maua. Ameshalisikia.

Marehemu ameacha mama, mjane, mabinti wawili, dada wawili waliochelewa kumwelewa, na fundi cherehani, ambaye familia inamhesabu kama ndugu.

Mungu ampumzishe kwa amani. Sisi tuliobaki tusipumzike mpaka boksi hilo litoke kama alivyolichora.