Mikono ya Fundi Msaidié

Tarehe 30 Juni 1966 Bwana Msaidié Houssen anastaafu, baada ya miaka ishirini na saba ya kulinda mashamba ya kampuni yetu, kwanza kisiwani Nosy Be, kisha Mahajanga. Sote tunamwita Fundi.

Alianza Ambanoro, huko Nosy Be, na rungu na mbwa mmoja. Baadaye akapewa bunduki ya kukoki kwa wenzo, ule mkono wa chuma ulio chini yake, awazuie nguruwe mwitu waliofukua mihogo yetu. Aliwaua wengi, na nyama yao hakuigusa. Wasiokatazwa na dini waliibeba, wala hawakulalamika hata siku moja.

Yeye mwenyewe ameomba jambo moja lisiachwe. Ijumaa moja ya mwaka 1961 alijipaka mafuta ya maua ya langilangi mikononi kwa ajili ya sala. Kabla ya adhana tukaitwa shambani. Nguruwe alitoroka, na risasi ilikuwa tayari ndani ya chemba, imebaki kufyatuliwa tu, basi Fundi akajaribu kuishusha nyundo ya bunduki taratibu kwa kidole gumba. Kidole kikateleza, risasi ikatoka. Mbele yake alikuwa mlinzi mwenzake, Zoubeir Madi, yaani mimi ninayeandika. Kwa kuwa mtutu ulielekea chini, nilipoteza vidole viwili vya mguu tu.

Alinibeba mgongoni hadi hospitali ya mjini Hell-Ville, akilia. Wakubwa walipomuuliza kama ilikuwa bahati mbaya, alijibu kwamba aliyejipaka mafuta ni yeye, si bahati. Akaomba anyang'anywe bunduki. Mimi ndiye niliyeomba arudishiwe, maana nilijua hatapatikana mwangalifu kumshinda. Tangu siku ile hajajipaka langilangi tena, hata sikukuu.

Mahajanga alikwenda kufundisha walinzi. Kwa amri yake, risasi haikuingia chemba kabla mnyama hajaonekana. Kwenye mtaro, mtu alitoa risasi zote na kuuacha wenzo wazi, ndipo akavuka. Na kila asubuhi, kabla ya kumpa mlinzi risasi, Fundi alimnusa mikono. Mwenye harufu ya mafuta alirudishwa kisimani na sabuni, hata kama ni bwana harusi wa juzi. Tulicheka sana, lakini hakuna aliyeumia tena.

Wiki iliyopita alinikabidhi bunduki, wenzo wazi, chemba tupu. Kisha akaninyooshea mikono yake miwili, akangoja. Nikainusa. Ilinuka sabuni, nami machozi yakanitoka.

Ahsante, Fundi, kwa niaba ya sote. Rudi salama Ambanoro kwa mkeo, Bi Rabiata, Mungu akupe umri na utulivu. Tarehe mosi Julai ni Ijumaa. Jipake langilangi.