Mwalimu Tena na Vishikwambi Thelathini

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, mwalimu wetu wa Kiingereza wa madarasa ya chini anakabidhi ufunguo wa chumba namba nne baada ya miaka thelathini na minne, miezi mitano, na siku ambazo karani bado anazihesabu. Kwenye faili lake ana jina refu. Hapa shuleni, kuanzia mlinzi hadi mwalimu mkuu, anaitwa Mwalimu Tena. Mtoto akikosea, humwambia tena. Akipatia, humwambia tena, asije akawa amebahatisha.

Alianza na watoto themanini na wawili, vitabu sita, na paa lililovuja upande wa ubao. Picha za kufundishia alizichora mwenyewe kwenye maboksi ya sabuni. Ng'ombe aliyemchora mwaka ule tunaye ofisini hadi leo, na bado tunabishana kama ni ng'ombe au ni meza. Lakini watoto wa mwaka ule walijifunza Kiingereza, na wawili kati yao sasa ni walimu humu humu.

Miaka tisa iliyopita ofisi ya elimu ilituletea vishikwambi thelathini vyenye programu ya kufundishia watoto Kiingereza kwa picha, nyimbo na michezo. Sharti lilikuwa moja: mwaka wa majaribio ukiisha, watoto wasipoonekana kusonga mbele, vyote vinahamishiwa shule nyingine. Wengi tulidhani mama wa watu atavikimbia. Kweli, wiki ya kwanza alivifungia kabatini. Wiki ya pili alijifungia navyo darasani baada ya vipindi, akajaribu somo moja baada ya jingine, asijue kwamba namwona dirishani. Programu ilimpa nyota mbili kati ya tano. Alikitazama kile kishikwambi kama mtu anavyomtazama mkwe mwenye jeuri, kisha akaanza upya.

Ni yeye aliyegundua lililotupita sisi sote. Ndani ya mwezi mmoja watoto walikuwa na nyota za kujaza anga, na hakuna aliyeweza kuomba maji ya kunywa kwa Kiingereza. Walikuwa wanabonyeza tu, hiki na kile, mpaka nyota itoke. Basi akaweka utaratibu wake. Watoto watatu, kishikwambi kimoja: wa kwanza anakishika, wa pili anasema, wa tatu ni hakimu. Kishikwambi kinalazwa kifudifudi mpaka mtoto aseme kwa mdomo wake na hakimu akubali, ndipo kinageuzwa kusikiliza kinavyosema. Waliotuletea programu walisema haitumiki hivyo. Aliwasikiliza kwa adabu zote, akawanywesha chai, akawasindikiza hadi getini, akarudi kuendelea vile vile.

Sauti ya kwenye programu nayo ilikuwa inakimbia kana kwamba inafukuzwa na mbwa. Programu iliruhusu mwalimu aweke sauti yake, kwa hiyo mjukuu wake alimwonyesha namna, naye akarekodi masomo yote tisini ndani ya stoo ya michezo, katikati ya magodoro, ili kelele za uwanjani zisiingie. Mume wake, seremala na shemeji yetu sote, alitutengenezea kabati lenye vyumba thelathini vya kuchajia. Kazi ya kuvichomeka kwenye umeme nikapewa mimi, mwalimu wa hesabu, eti ndiye makini.

Darasani alikuwepo binti wa fundi viatu, ambaye kwa mihula miwili hatukuwahi kusikia sauti yake kwa lugha yoyote. Mwalimu Tena alimpa uhakimu, maana hakimu anaweza kutikisa kichwa tu. Wiki kadhaa alitikisa. Siku moja mwenzake akambishia, binti akasimama na kumsahihisha kwa sentensi nzima ya Kiingereza. Mwalimu Tena aligeukia ubao akawa anafuta, na ubao ulikuwa safi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonikaa rohoni miaka minane. Siku ya ukaguzi, wageni watatu waliketi mbele, vishikwambi vikagawiwa, watoto wakaviwasha. Giza. Vyote thelathini. Wenzangu mlilaumu umeme wa mtaa, nami nikawaacha mlaumu. Ukweli ni kwamba jioni iliyotangulia niliuchomoa waya wa kabati ili nichomeke pasi, ninyooshe shati langu jeupe la kupokelea wageni. Nikalinyoosha vizuri, nikafunga ofisi, nikaenda kulala usingizi wa pono.

Kazi yake ya mwaka mzima ilikuwa inaondoka kwa sababu ya mikono miwili ya shati. Alivitazama vishikwambi, akanitazama mimi, akalitazama shati, akajua. Kisha akawageukia wakaguzi na kuwaambia kwa upole kwamba leo wataona watoto wakifanya somo bila mashine. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Watoto wakavilaza kifudifudi kama walivyozoea, wakaanza: huyu anasema, yule anahukumu. Dakika arobaini hakuna aliyekwama. Mwishowe binti wa fundi viatu alimwendea mkaguzi mkuu, akamuuliza kwa Kiingereza anafanya kazi gani na ana watoto wangapi. Mzee wa watu alijibu harakaharaka. Binti akamwambia aseme tena, polepole. Akasema tena.

Vishikwambi havikuondoka. Vikaongezwa thelathini, na shule saba zimekuja kujifunza ulazaji wa kifudifudi, hata wale wale waliosema haitumiki hivyo nao walikuja. Jioni ile wageni walipoondoka, Mwalimu Tena alinipita kwenye korido akasema, "Shati limenyooka, mwalimu." Hakulitaja tena mpaka leo, wala hakumwambia mtu. Nimefanya kazi na watu wengi wema, lakini wa kunisitiri hivyo nilimpata mmoja.

Hotuba ya kumuaga itasomwa kwa Kiingereza na binti wa fundi viatu, aliye kidato cha tano. Kabati litabaki, na sauti itabaki: wa darasa la kwanza watakaokuja mwakani watajifunza salamu kutoka kwa mwalimu ambaye hawatamkuta.

Mkiniona ukumbini nimevaa shati lile lile jeupe, limejaa mikunjo, msinicheke. Vishikwambi vyote sitini viko kwenye umeme.

Asante, mwalimu. Shemeji, tunakurudishia mwenzako akiwa na afya na sauti yake yote. Nawe, mwalimu wetu, tunakutakia miaka mingi yenye furaha nyumbani, miguu juu ya kigoda, bila kengele. Pumzika, Mwalimu. Na ukishapumzika vizuri, tena.