Kilicho Nyuma ya Mabati: Risala ya Wafanyakazi wa Maji Mengi

Mgeni rasmi, Bi. Nusaiba Amin, mkurugenzi wa kampuni iliyonunua bustani hii, maafisa uliofuatana nao, Bwana Chifu, majirani mliopata viti na mliokosa: hamjambo nyote.

Sisi, wafanyakazi wa Bustani ya Burudani ya Maji Mengi, hapa nje kidogo ya Sultan Hamud, tumemteua mwenzetu Syokau wa dirisha la tiketi atusomee risala hii. Ameteuliwa kwa sababu ana sauti, na kwa sababu dirisha lake limefungwa, kwa hivyo asubuhi ya leo hakuwa na shughuli nyingine.

KARIBU

Mgeni rasmi, tumefurahi umefika. Tuliposikia kwamba bustani imenunuliwa na watu wasiojulikana, tulipoteza usingizi. Tuliposikia kwamba mkuu wao ni msichana wa Mwingi, binti ya mzee mwenye malori, tuliurudisha kidogo. Mtu wa Mwingi hahitaji kuelezwa jua. Ni muvea, mwaitu, yaani asante, mama yetu, ingawa wengi wetu tuna watoto wa umri wako.

Ulipoingia ulipita kando ya mstari mrefu wa mitungi ya manjano, kuanzia langoni hadi kwenye ua wa mabati. Tulikuona ukitabasamu. Mmoja wa maafisa wako aliipiga picha na kuyasifu mapambo. Mgeni rasmi, hayo si mapambo. Tutayaeleza mahali pake, chini ya changamoto.

HISTORIA FUPI

Bustani hii ilianzishwa na Mzee Mbithi, mstaafu wa reli, ambaye sasa anapumzika kwake akiangalia mbuzi. Alipotangaza kwamba atajenga mahali pa kuchezea maji, watu walimcheka mpaka sokoni. "Mzee, sisi tunatafuta ya kunywa, wewe unatafuta ya kuogelea?" Alijibu kwamba mtu aliyebeba maji mgongoni maisha yake yote ndiye hasa anayestahili siku moja abebwe nayo. Jina la Maji Mengi wengine walilichukua kama mzaha, wengine kama maombi. Mungu alilichukua kama maombi, kisima kikatoa.

Watu walikuja. Walikuja wa Kikima na mabasi ya shule, wakaja wa Kabati na vikundi vya akina mama waliovaa sare na hawakutaka zilowe. Mbali na bwawa na ngamia, ambavyo bado viko wazi na hulipiwa papo hapo bila tiketi, kulikuwa na vivutio vitatu ambavyo ndivyo vilivyofungwa, na ambavyo tunaomba tuvitaje kwa heshima, maana ndivyo vilivyotulisha.

Cha kwanza ni Nyoka, ule mteremko mrefu wa maji uliopakwa rangi ya kijani. Mwenzetu Muli ndiye aliyekuwa msimamizi wake. Ukame ulipozidi na pampu ikachoka, maji ya Nyoka yalipungua mpaka wateja wakawa wanakwama katikati. Muli alikuwa anapanda na mpini wa ufagio, anawasukuma mmoja mmoja. Wapo waliorudi wiki iliyofuata wakisema wanataka ile ya kusukumwa.

Cha pili ni Gurudumu, lile kubwa la kuzungusha watu hewani. Hili liliwahi kusimama likiwa limembeba bwana harusi na bibi harusi wake juu kabisa, wakati wa sherehe ya watu wa Kikima. Fundi alikuwa ameenda Emali kutafuta nati. Msimamizi wa sherehe hakutaka ratiba iharibike, akaendelea na programu. Hotuba zote zilisomwa kuelekezwa mbinguni. Mjomba wa bibi harusi alitoa nasaha za ndoa kwa kipaza sauti, na kwa mara ya kwanza katika ukoo ule, bwana harusi alisikiliza nasaha za wajomba wote bila kutoroka hata moja. Hakuna aliyeumia. Ndoa ile ingali imara, na mjomba anasema ni kwa sababu hiyo.

Cha tatu ni Nyumba ya Mizimu. Mgeni rasmi, hapa Mzee Mbithi alikosea hesabu. Alikuwa ameona mahali fulani kwamba watu hupenda kutishwa. Mwenzetu Ben alivishwa shuka, akapakwa unga usoni, akawekwa gizani. Siku moja kikaingia kikundi cha maombi kutoka Kabati kilichokuwa kwenye matembezi. Ben akajitokeza, akaguta kama alivyofundishwa. Watu wale hawakukimbia. Walimzunguka, wakamwekea mikono, wakaanza kukemea. Ben alijaribu kujieleza, "Jameni, mimi ni Ben! Mimi ni staff!" Wakazidi kukemea, wakisema pepo ameanza kujitaja jina. Walipomaliza, Ben alikuwa amepiga magoti, analia, ameokoka. Ameokoka kweli, mgeni rasmi, mpaka leo. Kesho yake alikuja kazini akasema dhamiri haimruhusu tena kuwa mzimu. Tukabaki na nyumba yenye giza tu.

MAFANIKIO

Tulipoambiwa kwamba vivutio vitatu vimefungwa na kwamba "kitu kikubwa kinakuja", hatukukaa bure. Mafanikio yetu makubwa tangu mabati yale yapigwe ni kukisia. Tumekisia kwa bidii, wakati wa chai, wakati wa kufagia, na wakati wa kungoja wateja. Kama kukisia kungekuwa na kombe, lingekuwa limeletwa Makueni.

Muli ana hakika kwamba kinachojengwa ni bwawa la mawimbi, lenye kina cha kutisha. Anasema kampuni kubwa haiwezi kujenga kitu kisicho na kina, na penye kina lazima awepo mwokoaji mwenye filimbi. Filimbi ameshainunua.

Mishi, mpishi wetu, anasema haiwezi kuwa maji. Ni mchezo wa kukimbia na kuruka, wa kuwachosha watu sana, halafu wawe na njaa. Mwenyekiti wetu Gabow, mwenye ngamia, anasema watu wa mjini wamechoka na mashine: "Hapa wanaleta nyama za porini, wanyama kubwa kubwa. Na wataweka mtu mzoefu aangalie. Mimi niko." Ben anatarajia ukumbi wa kwaya. Syokau anayesoma risala hii yeye hakutaja kitu chenyewe. Alisema tu kwamba, chochote kitakachokuwa, lazima kiwe na dirisha.

Utagundua, mgeni rasmi, kwamba kila mmoja amekisia kitu ambacho hakiwezi kuendeshwa bila yeye. Sisi wenyewe hatukugundua mpaka tulipokuwa tunaandika aya hii. Baadhi yetu walitaka ifutwe. Ilibaki kwa sababu Gabow alisema mkurugenzi ni mtu mzima, ataona tu.

CHANGAMOTO

Sasa mitungi.

Mafundi wako walifika na mashine, wakachimba shimo refu jembamba nyuma ya mabati. Sote tunajua, na wewe wa Mwingi unajua, kwamba Ukambani shimo linalochimbwa na mashine ni la kitu kimoja. Kabla udongo haujakauka, jirani yetu Kalunde alikuwa amefika na mtungi wake, akauweka kwenye ua, akarudi nyumbani kupika. Ni desturi yetu kwamba mtungi ukishasimama ni kama mwenyewe amesimama. Jioni hiyo mstari ulikuwa umefika langoni.

Mhandisi alitoka akashangaa. Akamweleza Kalunde kwa upole, "Mama, hapa tunapima udongo tu. Hakuna maji."

"Pimeni," Kalunde akamwambia. "Mkimaliza kupima, sisi tuko kwa laini."

"Lakini shimo tutalifunika!"

"Kwani kisima huachwa wazi, watoto watumbukie?"

Shimo lilifunikwa. Mitungi ilibaki. Tatizo, mgeni rasmi, si kwamba watu hawakuelewa. Kila mtu ameelewa kwamba hakuna maji. Lakini hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuondoa mtungi wake, maana ikitokea maji yapo, atarudi mwisho wa mstari. Bwana Chifu alikuja kuwashauri waiondoe, na kwa kuwa yupo hapa tuseme ukweli: wake ni ule wenye kifuniko chekundu, nyuma ya ule wa kanisa.

Tumeileta habari hii chini ya changamoto, lakini tulipokuwa tukiwacheka majirani, Mishi alituuliza tofauti yetu na wao ni ipi. Hata sisi tumejipanga mbele ya mabati. Tuliambiwa tusubiri, tutaitwa kitu kikubwa kikija. Muli amekataa kazi ya mjengo huko Emali ili asipoteze nafasi. Ben alipewa ufagio kwa muda, na huo muda haujaelezwa. Hatujui tunasubiri nini, na anayeondoka anaogopa kwamba kesho yake wenzake wataitwa.

Halafu wiki iliyopita lori lilishusha masanduku. Ben anafagia upande ule, na kuna tundu la msumari kwenye bati. Tunakiri kwamba alichungulia. Tunakiri pia kwamba tulimtuma, na kwamba ilibidi kwanza aombe. Alirudi ameshikilia ufagio kwa mikono miwili.

"Ni geti," akasema. "Iko na mkono. Unaionyesha simu, inajifungua."

Tukamwuliza karani anakaa upande gani.

"Hakuna mahali pa mtu kukaa," Ben akasema.

Hapo kukisia kukaisha utamu. Kamati ilipendekeza tuandike kwamba "tulipatwa na wasiwasi kidogo". Hapana. Tuliogopa. Muli alizungusha filimbi yake mfukoni, na Syokau alikwenda akafuta kioo cha dirisha ambalo halijahudumia mtu tangu mabati yapigwe. Ikiwa lango linajifungua, pengine na bwawa linajiokoa, na chakula kinajipika. Hatujui. Mtu asiyejua hukisia, na safari hii kila tulichokisia kilikuwa hakina mtu ndani yake.

MAOMBI

Mgeni rasmi, hatukuja kukuambia ujenge nini. Pesa ni zako na ardhi ni yako. Hatupingi mashine, Gurudumu lilikuwa mashine na tulilipenda. Lakini umepewa historia yetu kwa kusudi, na tunaomba uitazame tena kwa jicho la biashara. Watu walirudi kwa Nyoka kwa ajili ya mtu aliyewasukuma. Harusi ya Gurudumu inakumbukwa Kikima kuliko harusi zote zilizokwenda vizuri. Hata wale wa Kabati, hutuuliza Ben anaendeleaje, na kila wakija humletea ndizi. Hakuna aliyewahi kutuuliza habari za nati.

Kwa hivyo ombi letu kuu ni hili, na tunajua halijawahi kuombwa na wafanyakazi wowote: tunaomba utuletee kitu kinachokwama. Kisikwame sana, na kisiumize mtu. Kikwame kiasi cha mtu kuhitajika. Kama haiwezekani, basi iwe ni kitu ambacho mtoto akikiona ataogopa kidogo, atake kushikwa mkono. Sisi mikono tunayo. Hata ikiwa ni mizimu tena, Ben amezungumza na mchungaji wake, na amekubaliwa kuwa malaika wa kutisha.

Kuhusu mitungi, hatuna haja ya kuomba kwa maneno marefu. Umeiona. Kisima cha Mzee Mbithi bado kiko ndani ya ua, na bomba la kupitisha maji mpaka nje si refu.

Ombi la mwisho si la kujenga. Ratiba uliyopewa inasema tutakula kwanza, kisha utatangaza kilicho nyuma ya mabati. Tunaomba, kwa heshima zote, mpangilio huo ugeuzwe. Tuna mbuzi jikoni. Amechinjwa na Gabow mwenyewe ili kila mtu aliye hapa ale bila kuuliza, na Mishi ameamka mapema kumpika. Kwetu mbuzi huchinjwa mgeni anapokaribishwa, na huchinjwa pia watu wanapoagana. Nyama ni ile ile na chumvi ni ile ile, lakini haitafunwi namna moja. Tunaomba utuambie kabla haijapakuliwa, ili tujue tunakula ipi.

Mungu akulinde barabarani na nyumbani, awape wazee wako wa Mwingi maisha marefu, akupe mvua kwa wakati wake na wateja wakati wa kiangazi. Ukitujibu vyema, tutapiga makofi. Ukitujibu vingine, tutakuhudumia chakula vilevile, na utakuwa umekaribishwa vilevile.

Ni sisi, wafanyakazi wa Bustani ya Maji Mengi, wa sehemu zilizo wazi na zilizofungwa. Tumesimama, mgeni rasmi. Tunakusikiliza.